Homa ya papasi na utafiti wa madaktari wa kijeshi: Morogoro na Uluguru

Homa ya papasi, ambayo vitabu vya tiba huiita pia homa ya kujirudia, ni ugonjwa unaosababishwa na bakteria Borrelia duttonii na kuenezwa na papasi, kupe laini anayeishi ndani ya nyumba za watu. Ni ndugu wa karibu wa ugonjwa wa Lyme unaosumbua Marekani na Ulaya. Kwa zaidi ya miaka mia moja uchunguzi wake umefungamana na majeshi: waganga wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, jeshi la Uingereza, vita vya 1916 vilivyoizunguka milima ya Uluguru, na baadaye majeshi ya Israeli na Marekani. Mkoa wa Morogoro unaingia katika habari hii mara mbili: kwanza kwa njia ya misafara iliyopita chini ya milima, halafu kwa maabara ya Ifakara. Makala haya yanagusa pia kupe wa mifugo, kwa kuwa mara nyingi waliochunguza homa ya binadamu ndio haohao waliochunguza ndigana ya ng'ombe.

Papasi na homa yake

Papasi (Ornithodoros moubata) hafanani sana na kupe wa ng'ombe. Hana gamba gumu mgongoni. Ngozi yake ina vikunyanzi na rangi ya udongo mkavu, hivyo akitulia juu ya sakafu ya vumbi haonekani. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mnyama kwa siku kadhaa. Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa dakika 20 au 30, kisha hurudi kwenye ufa wa ukuta, chini ya mkeka au kwenye vumbi karibu na mafiga. Akiguswa hujikausha asijongee, na mtu asiyemjua hudhani ni punje ya mchanga. Anaposhiba hutoa majimaji kwenye tezi zilizo karibu na mashina ya miguu, na bakteria hupita humo na kwenye mate, wakaingia kwa aliyelala.

Uvumilivu wake ndio uliowashangaza watafiti wa kwanza. Papasi huweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akiwa hai na bakteria wake wakiwa hai ndani yake. Kibanda kilichohamwa zamani humngoja mgeni wake.

Homa hupanda ghafla, mara nyingi wiki moja hivi baada ya kuumwa, pamoja na maumivu makali ya kichwa na viungo. Hukaa siku tatu hivi, hukatika kwa jasho jingi, mgonjwa akadhani amepona, kisha baada ya wiki inaanza upya. Hali hiyo huweza kujirudia mara nyingi, kwa sababu bakteria hubadili protini za ngozi yake ya nje kila kinga ya mwili inapomtambua. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba karibu nusu ya mimba za wanawake walioupata ugonjwa huu ziliharibika au mtoto alifariki karibu na kuzaliwa. Takwimu hiyo haijapata kutangazwa kama inavyostahili.

Njia ya misafara na safari ya Koch

Mwanzoni mwa mwaka 1905 Robert Koch aliwasili Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 61, amekwisha kustaafu uongozi wa taasisi yake ya Berlin, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko la gavana yeyote wa koloni. Reli ya Kati ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa. Treni haikufika Morogoro hadi Desemba 1907. Kwa hiyo kila aliyekwenda bara alitembea kwa miguu, siku baada ya siku, kupitia njia zilizokwisha kutumiwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1857 Burton na Speke walipita Zungomero, upande wa kusini wa Uluguru. Mwaka 1871 Stanley alipita Simbamwenni, mji wenye boma uliokuwa pale ilipo Morogoro ya leo.

Kwenye njia hizo palikuwa na vituo, na kwenye vituo palikuwa na mabanda ya kulala. Wazungu waliolala humo walikuwa wakiugua homa ambayo kwinini haikuitibu. Koch alikwenda kwenye mabanda yenyewe. Papasi walipatikana kwenye vumbi kavu la sakafu, mahali pasiponyeshewa mvua, na alipowapasua na kuwatazama kwa hadubini aliwaona bakteria waliojisokota. Kisha akaenda hatua moja mbele ya wenzake: akawaona bakteria haohao ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba mama huwarithisha watoto, na papasi mchanga ambaye hajawahi kuonja damu ya mgonjwa huweza kuambukiza. Papasi walisafirishwa hadi Berlin, ambako daktari wa jeshi Bernhard Möllers alionyesha mwaka 1907 kwamba urithi huo hufika hadi kizazi cha tatu.

Koch alitambua pia kwamba papasi hawakuwa wa njia kuu peke yake. Walikuwemo vijijini, lakini wenyeji walionekana kuugua utotoni na kujenga kinga, hivyo watu wazima hawakuangushwa na homa kama wageni. Ushauri wake kwa maofisa ulikuwa rahisi na wa bei nafuu: hema lipigwe mbali kidogo na mabanda ya zamani. Ulikuwa ushauri mzuri kwa mwenye hema. Wapagazi waliobeba mahema hayo mabegani walilala mabandani.

Ni haki kusema kwamba Koch hakuwa wa kwanza. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne, wakiwa Uganda, walikwisha kuhusisha homa ya kupe na bakteria hao. Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd wa Liverpool walifikia jibu hilohilo mashariki mwa Kongo. Dutton aliambukizwa akiwa kazini na kufariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, na bakteria amepewa jina lake. Livingstone alikwisha kuandika juu ya kupe wa aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1857. Nyuma ya wote hao walikuwa wenyeji, waliojua tangu zamani nyumba ipi inaleta homa.

Kazi hii iliitwa sayansi ya kiraia, lakini huduma ya tiba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa madaktari wa Schutztruppe. Friedrich Karl Kleine, aliyefanya kazi na Koch na ambaye mwaka 1909 alithibitisha jinsi vimelea vya malale vinavyokua ndani ya mbung'o, alikuwa daktari wa jeshi. Walikuwa na sababu zao: jeshi linalotembea kwa miguu lilihitaji kujua lilale wapi.

Hadubini za London

Upande wa Uingereza jina kubwa ni William Leishman, ofisa wa kikosi cha madaktari wa jeshi na mtu ambaye rangi yake ya kupaka slaidi za damu bado inatumika maabara nyingi za Afrika. Kwa miaka mingi, katika chuo cha madaktari wa jeshi London, alifuga papasi na kufuatilia mahali bakteria wanapojificha ndani ya miili yao. Alishikilia kwamba bakteria huvunjika kuwa chembechembe ndogo na kujiunda upya, rai ambayo wengi waliikataa baadaye. Alipofariki mwaka 1926 alikuwa mkuu wa huduma za tiba za jeshi lote la Uingereza.

Vita vya 1916

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikwisha kuondoka, na askari wake walirudi nyuma kuizunguka milima ya Uluguru, mashariki na magharibi, wakaacha akiba za vyakula na risasi zikiteketea Mlali. Mapigano makali yalitokea Kisaki mwanzoni mwa Septemba. Baada ya hapo mvua na magonjwa vikatawala.

Malaria na kuhara ndivyo vilivyoua wengi. Farasi wa Afrika Kusini walikwisha kwa nagana, maradhi ya mbung'o. Homa ya papasi ilikuwa kwenye orodha, nyuma ya malaria, lakini ilikuwa na adha yake: askari aliyetoka hospitali akiwa amepona alirudishwa wiki iliyofuata akitetemeka. Pande zote mbili zililala kwenye kambi za zamani na vijiji vilivyokimbiwa, yaani palepale Koch alipoonya pasilalwe. Dawa iliyotegemewa wakati huo, salvarsani, ilikuwa ya Wajerumani. Waingereza walitengeneza ya kwao kwa jina Kharsivan. Zote zilikuwa na aseniki, na homa ya papasi ya Afrika Mashariki haikuzitii vizuri.

Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa katika kampeni nzima wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Madaktari waliandika sana juu ya askari wa Kizungu na wa Kihindi, kidogo juu ya askari wa Kiafrika, na kidogo zaidi juu ya wapagazi.

Kutoka Basel hadi Ifakara, kutoka Ifakara hadi Lyme

Sura ya pili ya Morogoro ilianzishwa na raia wa nchi isiyo na jeshi lolote Afrika. Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, alianzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, na papasi walikuwa miongoni mwa viumbe alivyovipenda kuliko vyote. Alizunguka Tanganyika akiwakusanya kwenye nyumba za watu na kwenye mashimo ya ngiri, na mwaka 1955 yeye na Hermann Mooser walichapisha uchunguzi wao juu ya homa ya kujirudia Tanganyika. Mwaka 1957 alifungua maabara ndogo Ifakara, katika bonde la Kilombero, kwa ukaribisho wa wamisionari Wakapuchini. Maabara hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara, leo mojawapo ya taasisi kubwa za utafiti wa malaria Afrika. Wageni wanaoitembelea kwa ajili ya mbu huwa hawajui kwamba mwanzilishi wake alikuwa mtu wa papasi.

Mmoja wa wanafunzi wa Geigy kule Basel alikuwa Willy Burgdorfer, kijana aliyezaliwa mwaka 1925. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu jinsi Borrelia duttonii anavyokua ndani ya papasi. Alipasua papasi mmoja baada ya mwingine, akatazama utumbo, tezi za mate na mayai. Mwaka 1951 alihamia Marekani, kwenye maabara ya Rocky Mountain iliyoko Hamilton, Montana.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1981, Burgdorfer aliletewa kupe kutoka jimbo la New York akitafuta vijidudu vya aina nyingine kabisa, riketsia. Ndani ya utumbo wa baadhi yao aliona bakteria waliojisokota. Wengi wangewapita bila kuwatambua. Yeye alikuwa amewatazama wenzao kwa miaka kule Basel. Hao ndio waliokuwa wakisababisha ugonjwa wa Lyme, ambao tangu katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa umewashangaza madaktari wa Connecticut kwa kuwavimbisha watoto magoti. Ugunduzi ulitangazwa katika jarida la Science mwaka 1982, na bakteria akaitwa Borrelia burgdorferi. Vitabu vingi vya Marekani huanza hadithi hii Connecticut. Kwa kweli inaanza kwenye sakafu za udongo za Afrika, na papasi wa huku ndiye aliyemfundisha kazi mgunduzi.

Madai ya silaha

Kitabu cha Kris Newby kilichotoka mwaka 2019 kilidai kwamba Burgdorfer alishiriki mpango wa jeshi la Marekani wa kuwageuza kupe kuwa silaha, na Julai mwaka huo Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo la kuitaka wizara ya ulinzi ichunguze. Kwamba Marekani ilichunguza wadudu kama silaha wakati wa Vita Baridi si siri. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wa Lyme wamekuwepo Amerika Kaskazini kwa angalau miaka 60,000, na hilo linaacha nafasi ndogo sana kwa maabara yoyote.

Lyme Afrika Mashariki

Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu Dar es Salaam yaliyoonyesha kingamwili za Lyme kwa baadhi ya watu. Vipimo vya aina hiyo huchanganywa kirahisi na homa ya papasi, kwa kuwa bakteria ni wa ukoo mmoja.

Majeshi mengine

Jaribio bora kabisa la kinga dhidi ya homa ya kujirudia lilifanywa na jeshi la Israeli, ambalo askari wake huumwa na kupe laini mapangoni. Askari 93 waliodhaniwa wameumwa waligawanywa kwa kura: wengine walipewa doksisaiklini kwa siku 5, wengine vidonge visivyo na dawa. Wagonjwa 10 walipatikana, wote katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. 

Dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu, DEET, ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946 na kuuzwa kwa raia kuanzia 1957. Sare zilizowekwa permethrini, dawa ileile inayotumika kwenye vyandarua, nazo zilianzia jeshini.

Nchini Kenya jeshi la Marekani limekuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu 1969, awali kwa ajili ya malale, na sasa kinafanya kazi pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Miongoni mwa kazi zake ni kuwachunguza kupe wa mifugo kwa riketsia na virusi. Virusi vinavyoogopwa zaidi ni vya homa ya Crimea na Kongo: mwaka 1944 viliwaangusha askari wa Kisovieti Crimea, na mwaka 1956 vilitengwa kutoka kwa mtoto mgonjwa Kongo. Baadaye ikathibitika kuwa ni virusi vilevile.



Kupe wa mifugo

Kabla ya mabanda ya misafara Koch alikuwa amekwisha kuchunguza ng'ombe wa Dar es Salaam, mwaka 1897, akaona vimelea ndani ya damu yao na kuvidhania ni vya homa ya Texas. Mwaka 1901 ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipeleka maradhi Rhodesia, na Koch alipoitwa huko ndipo alipoyatambua kuwa ni maradhi ya peke yake. Ndiyo ndigana kali. Charles Lounsbury wa Afrika Kusini alionyesha kwamba inaenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni.

Mfugaji wa Mvomero au Dakawa haitaji kuambiwa dalili zake: tezi chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anaacha kula, anahema kwa shida, povu linamtoka puani. Josho ndilo limekuwa jibu kwa miaka mingi, pale lilipo na dawa. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, hutolewa kwa kumchoma ng'ombe sindano ya vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, naye akaugua kidogo na kupata kinga. Hutunzwa ndani ya naitrojeni kimiminika, jambo linaloifanya iwe ghali kufikishwa vijijini. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania waliikubali mapema kuliko wengi.

Milimani mambo ni tofauti. Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, ni nchi ya baridi, mboga, nguruwe na mbuzi wa maziwa walioletwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Wanorwe miaka ya 1980. Ng'ombe ni wachache. Papasi hata hivyo ana nafasi nyingine: ndiye anayehifadhi virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba, ambayo ikiingia bandani humaliza wote. Utafiti uliofanywa Dodoma na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta Borrelia duttonii katika damu ya kuku na nguruwe, ilhali tangu enzi za Koch iliaminika kwamba binadamu ndiye mwenyeji wake pekee.

Hali ya sasa

Nyumba za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na bati zimempunguzia papasi makazi katika mji wa Morogoro na vijiji vingi vya barabarani. Ngome yake iliyochunguzwa vizuri iko Dodoma, hasa Mvumi, ambako kupuliza dawa ndani ya nyumba miaka ya 1990 kulipunguza homa kwa watoto wa chini ya miaka 5, na ambako aina mpya ya Borrelia ilielezwa mwaka 2003. Borrelia duttonii kutoka Tanzania ndiye aliyesomwa vinasaba vyote mwaka 2008, na ikaonekana kwamba homa ya chawa ya Ethiopia husababishwa na bakteria aliye karibu kuwa yeye mwenyewe, isipokuwa amepoteza sehemu ya vinasaba.

Tatizo kubwa ni utambuzi. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria kwenye slaidi alikutana pia na Borrelia, kwa kuwa wote huonekana kwa rangi ileile katika damu ileile. Tangu kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea miaka ya 2010, slaidi nyingi hazisomwi, na kipimo hicho hakioni kitu kingine. Uzito wa jambo hili ulionekana hospitalini Moshi, katika utafiti wa wagonjwa 870 wa homa uliochapishwa mwaka 2013: zaidi ya 500 waliandikiwa malaria, na 14 tu ndio waliokuwa nayo. Kati ya waliopimwa riketsia za kupe, asilimia 8 walikuwa wagonjwa. Tiba ya riketsia hizo, na ya homa ya papasi kwa mtu mzima asiye na mimba, ni doksisaiklini. Kwa homa ya papasi dozi ya kwanza hutolewa mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, kwa sababu bakteria wanapokufa kwa pamoja homa hupanda na shinikizo la damu huweza kushuka ndani ya saa chache.